Sultani Aliyekula Katika Bakuli la Maiti

“Ukila katika mabakuli yale, Nyange, usirudi katika nyumba hii!”

“Nyumba gani, Mize? Mvua ikinyesha tunahamia chini ya kitanda, nawe unaiita nyumba?”

“Hii hii. Nenda ukale, ushibe, kisha ukalale huko huko ulikoshibia.”

“Mke wangu, wali ni wali. Wali haujui umepakuliwa katika chombo gani.”

“Wali haujui, lakini wewe unajua! Au nawe umekuwa wali?”

Hapo zamani, zamani za bibi wa bibi zetu, ndivyo walivyokuwa wakigombana mtu na mkewe katika mji wa Vumbwe, nao majirani wametega masikio nyuma ya kiambaza wasipitwe na neno. Mume ndiye huyo Nyange. Hakuwa na shamba, hakuwa na duka, hakuwa na hata kuku wa kumfukuza. Kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kudoea, yaani kwenda kula karamuni bila kualikwa. Palipo na harusi yupo, palipo na hitima yupo, palipo na akika yupo, amekaa karibu na sinia kubwa, amekunja mikono ya kanzu. Watu wakimwita mpumbavu, naye alikuwa akiitikia, kwa kuwa mpumbavu hupewa chakula upesi ili anyamaze.

Basi asubuhi ile palikuwa na karamu kwa Sultani, na safari hii mji mzima ulikuwa umealikwa, hata Nyange. Lakini Mize alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, hataki mumewe apite. Na sababu yake ni hii.

Watu wa Vumbwe walikuwa na desturi waliyorithi kwa wazee wao, kwamba bakuli la mtu halirithiwi. Kila mtu alikuwa na bakuli lake la kulia, na siku akifa, bakuli lile haliuzwi, wala haliazimwi, wala mwanawe halili. Wakubwa walikuwa wakijengewa makaburi ya mawe ya matumbawe, yenye nguzo ndefu zilizopakwa chokaa, na mabakuli yao ya kaure, ya buluu na nyeupe, yakapachikwa katika nguzo zile, yakawa yanang'aa juani hata mtu aliye mbali akajua kwamba pale pana mji na mji ule una wenyewe. Na maskini nao, ambao hawakuwa na kaure wala nguzo, walizikwa pembeni mwa wale wakubwa, na mabakuli yao ya udongo yakapachikwa kwa chokaa kidogo kichwani pa kaburi. Hivyo mtu akipita makaburini aliweza kusema, huyu alikuwa akila sana, huyu alikuwa akila kidogo, huyu alikuwa na bakuli lenye ufa naye akaona haya kuomba jingine. Vumbwe hapakuwa na kitabu cha habari za wazee. Kitabu chao kilikuwa ni mabakuli yale.

Sasa Vumbwe ilikuwa imepata sultani mpya, jina lake Fumo Zaidi. Huyu alikuwa kijana wa kilemba kikubwa, na chini ya kilemba sijui palikuwa na nini. Alisikia kwamba mtawala wa mji wa Pembejuu, mzee Mwinyi Hatibu, atakuja kumtembelea, naye akaingiwa na wasiwasi. Akamwita waziri wake, Mashamu, akamwambia, “Ewe waziri, Mwinyi Hatibu ana jumba jeupe lenye ghorofa. Mimi nina nyumba hii ya marehemu baba. Akiniona humu ataniona mshamba. Nami nataka jumba jeupe zaidi ya lake, na chokaa yake iwe nyingi hata atakayelitazama afumbe macho.”

Waziri Mashamu alikuwa mtu wa kuinama. Aliinama hata mgongo wake ukazoea, akawa haoni mbali ila huona vidole vya miguu ya bwana wake. Akainama akasema, “Bwana wangu, chokaa ni kazi. Kwanza watu wazame wakakate matumbawe, kisha yakauke, kisha yapangwe juu ya magogo, yachomwe. Lakini kule makaburini pana mawe yaliyokwisha kukatwa na yaliyokwisha kukauka. Tukiyatia tanurini, chokaa tutaipata bila mtu kulowa.”

Sultani akafurahi, akasema, “Na yale mabakuli ya kaure?”

“Hayo tuyabandue kwanza, bwana wangu. Yatafaa kwa karamu ya mgeni. Maiti hana wageni.”

Basi ikawa hivyo. Watumwa wa Sultani wakaenda na vyuma, wakabandua mabakuli ya kaure nguzo baada ya nguzo, yakavunjika mengi, mengine yakapona. Na tanuri la chokaa likajengwa pale pale kando ya makaburi, magogo yakapangwa, ikasubiriwa siku ya kuwasha, nayo ni Ijumaa baada ya sala. Sultani akatoka barazani akawahutubia watu. Akasema, “Nisikieni. Nawapenda wazee wetu kuliko sultani yeyote aliyepita. Wale waliwaacha nje, kwenye mvua na majani. Mimi nitawachoma wawe chokaa, niwapake ukutani mwangu, tuishi nao nyumba moja.”

Na wazee wa mji waliokuwa wamekaa pale na fimbo zao na tasbihi zao, walifanya nini? Walisema, “Bwana amesema kweli.” Kisha wakaenda majumbani kwao, wakafunga milango, wakawaambia wake zao kwamba jambo hili ni ovu sana. Ushujaa wao ulianzia ndani ya mlango ukaishia huko huko.

Sasa tumrudie Mize. Mama yake Mize alikuwa mmoja wa wale maskini waliozikwa pembeni. Watumwa walipopita na vyuma vyao walilibandua na bakuli lake la udongo, wakaliona halifai kwa karamu, ikawa Waziri Mashamu amelichukua kuwanyweshea kuku wake maji. Na kaburi lenyewe, kwa kuwa lilikuwa karibu na tanuri, ndilo lililowekewa alama ya kuvunjwa kwanza.

“Mama yangu,” akasema Mize, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua, “ndiye mtu peke yake katika mji huu aliyepata kukualika kabla ya leo, Nyange. Kwa wengine wote wewe hujiingilia tu. Yeye alikuwa akikaa mlangoni akisema, mwiteni mkwe wangu, chakula kitapoa. Leo kuku wananywa katika bakuli lake. Nenda basi. Nenda ukale.”

Akampisha mlangoni. Nyange akaikunjua mikono ya kanzu yake. Akatoka.

Njiani akapita uani kwa waziri. Akachungulia juu ya ua, akaliona lile bakuli, na kuku mmoja amesimama ndani yake kwa miguu miwili, anajinyonyoa. Nyange akatazama kitambo, akatema mate chini, akaendelea na safari yake.

Karamu ile ilikuwa ya kuyajaribu mabakuli kabla mgeni hajafika. Watu walikuwa wamejaa ukumbini, na mbele ya kila mtu pamewekwa bakuli la kaure lenye wali na mchuzi wa mbuzi. Wazee nao walikuwapo. Walikuwa wakinong'onezana kwamba kula humu ni aibu kubwa, kisha wakawa wanaomba waongezwe mchuzi.

Nyange akaketi, akawekewa chakula, asile. Akakaa ameweka mikono mapajani. Kwanza hakuna aliyeangalia, kisha mmoja akamgusa mwenziwe, na mwenziwe akamgusa mwingine, hata ukumbi wote ukanyamaza, kwa kuwa mji wa Vumbwe ulikuwa umepata kuona jua likipatwa, na umepata kuona ng'ombe wa vichwa viwili, lakini haujapata kumwona Nyange mbele ya wali naye hali.

Sultani akasema, “We mdoezi, unaumwa?”

“Siumwi, bwana wangu.”

“Wali mbaya?”

“Wali mzuri, harufu yake imenifikia tangu kwangu.”

“Basi mbona huli?”

Nyange akasema, “Bwana wangu, mimi nimezoea kuwa mtu asiyealikwa, na mtu asiyealikwa huwa na adabu yake. Siwezi kutia mkono katika bakuli la mtu mpaka mwenyewe aniambie karibu. Basi namngojea mwenye bakuli aniambie.”

Sultani akacheka, akasema, “Karibu. Mwenye bakuli ni mimi.”

“Hili?”

“Hilo.”

“Na lile la pale kwa waziri?”

“Hilo na lile na yote uyaonayo. Ni yangu mimi, Fumo Zaidi, wala hapana mwingine mwenye haki nayo.”

“Naomba bwana wangu aseme kwa sauti zaidi, maana wazee hawa wakitafuna hawasikii.”

Wazee wakaacha kutafuna. Sultani akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti kubwa, “Wallahi, mabakuli haya ni yangu! Kuna anayebisha?”

Hakuna aliyebisha. Nyange akasema kwa upole, “Mimi sibishi, bwana wangu. Nauliza tu. Bakuli likishapachikwa kaburini, kwa desturi yetu mwenyewe ni yule aliyezikwa. Mama mkwe wangu alizikwa na bakuli lake, na leo lina kuku ndani. Yeye akilidai, nimjibu nini?”

Hapo Sultani uso ukamwiva. Akatazama huku na huku, akaona watu wanamtazama, akataka kufanya mzaha ili wacheke. Akasema, “Vema. Sikiliza, ewe mpumbavu. Nenda ukaniletee mwenye bakuli, yule aliyezikwa. Aje hapa mlangoni pangu kwa miguu yake mwenyewe, alidai bakuli lake kwa kinywa chake mwenyewe. Akija, naapa sitagusa tena hata jiwe moja la makaburi. Nakupa mpaka Alhamisi, siku atakayofika mgeni wangu. Asipokuja, basi Ijumaa tanuri litawashwa, na atakayeliwasha ni wewe kwa mkono wako, na jiwe la kwanza utakalotia ni la kaburi la huyo mama mkwe wako.”

Waziri akacheka mpaka akajinyoosha, jambo ambalo mgongo wake ulikuwa umelisahau. Na wazee wakacheka, maana sultani akicheka meno ya wengine hutoka yenyewe.

Nyange akasema, “Bwana wangu ameapa mbele ya watu?”

“Nimeapa mbele ya watu.”

“Basi kaeni na wali wenu,” akasema Nyange, akaondoka na njaa yake.

Alipofika nyumbani, Mize alikwisha kupata habari, kwa kuwa habari mbaya haina kituo njiani. Akampokea kwa maneno. “Nilikuambia usile, sikukuambia ukauze kaburi la mama! Nani atamfufua? Wewe? Wewe uliyeshindwa kumfufua jogoo wetu kwa kumpepea?”

“Jogoo yule alikuwa amekwisha kufa kweli,” akasema Nyange. “Mize, una ubani?”

“Wa nini?”

“Na chetezo. Na ile sauti yako ya kulilia watu, bado unayo?”

Mize akamtazama. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi katika nyumba ile inayovuja, naye alikuwa anayajua macho ya mumewe yanapokuwa yamepata njia ya kuingia karamuni. Akaenda akakileta chetezo. Kisha akasema, “Nani amekufa?”

Nyange akamwinamia sikioni akamwambia, na Mize akaketi chini kwa kicheko, akajifunika ukaya wake usoni asisikiwe na majirani.

Basi ikawa siku ya Alhamisi Mwinyi Hatibu wa Pembejuu akafika. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu yake haina nakshi, viatu vyake vimechakaa. Sultani Fumo Zaidi alipomwona akafurahi moyoni, akasema, kumbe huyu ndiye niliyekuwa nikimhofu. Akamkalisha juu ya zulia, akamletea bakuli lililo kubwa kuliko yote, lililotoka katika nguzo ya sultani wa kwanza wa Vumbwe. Akamwambia, “Karibu, baba. Na kesho kutwa ukipita utaona jumba langu linaanza kupanda.”

Mzee akalitazama lile bakuli, akaona chini yake pana chokaa kavu iliyoganda. Akataka kuuliza. Lakini kabla hajauliza, ikasikika sauti kutoka njiani.

Ilikuwa sauti ya kilio. Na Mize alikuwa akijua kulia, yaani alikuwa akiweza kuanza chini kabisa kama mtu anayesukuma mlango mzito, kisha akapanda akapanda mpaka mbwa wa mji wote wakajibu. Nyuma yake wanawake wamejifunika, nyuma yao wanaume wamebeba jeneza tupu mabegani, mwingine ameshika sanda, mwingine mkeka, mwingine chetezo kinafuka ubani. Na nyuma yao ni mji mzima, maana Nyange alikuwa amepita mlango kwa mlango tangu asubuhi akitoa tanzia, akisema, “Leo adhuhuri, msiba uko kwa Sultani, msikose.” Na msibani hakuna aulizaye sana, kila mtu huvaa akaenda.

Nyange akaingia mbele yao wote, ameinamisha kichwa, akaenda moja kwa moja akamshika mkono Sultani, akasema, “Pole, bwana wangu. Yamekufika. Sote njia yetu ni hiyo.”

Sultani alikuwa ameshika bakuli lake mkono mmoja, tonge mkono wa pili. Akasema, “Pole ya nini?”

Lakini watu walikuwa wakimiminika, na kila aingiaye akamshika mkono, “Pole bwana, pole sana, Mungu akupe subira,” na mmoja, kizee asiyeona vizuri, akamwambia, “Marehemu alikuwa mtu mwema, ingawa mimi sikupata kumsikia akisifiwa.”

Mwinyi Hatibu akasimama kwa adabu, akauliza, “Ndugu zangu, amefariki nani?”

Nyange akajibu, “Sultani Fumo Zaidi.”

“Sultani si huyu hapa anakula?”

“Ndiye, baba. Huyu marehemu wetu hata msibani kwake mwenyewe hakuweza kujizuia.”

Sultani akapiga kelele, “Mkamateni mwendawazimu huyu!” Lakini askari walikuwa wamebanwa na watu mlangoni, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuanza kulia kwa ajili ya kilio cha Mize.

Nyange akamgeukia mgeni, akasema, “Baba, wewe ni mgeni, nikueleze. Kwetu bakuli likipachikwa kaburini, mwenyewe ni yule aliyelala humo, hana mshirika wala mrithi. Mabakuli haya yote yametoka makaburini. Lile ulilowekewa wewe lina chokaa yake chini, ligeuze utaiona. Sasa mimi nilidhani yameibwa. Lakini Sultani wetu aliapa mbele ya watu, akataja jina la Mungu, kwamba mwenye mabakuli haya ni yeye. Je, sultani aweza kuapa uongo?”

“Haifai,” akasema mzee.

“Haifai. Basi kama mwenye bakuli la kaburini ni maiti, naye ndiye mwenye bakuli, mimi nifanye nini ila kutafuta sanda? Hata tumechelewa kidogo. Maiti hacheleweshwi, na huyu ni siku kadhaa sasa anazunguka zunguka mjini bila kuzikwa.”

Akauendea ule mkono wa Sultani, akalichukua bakuli taratibu kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu. “Lete, bwana wangu. Huko uendako hakuna mchuzi.” Akalishika kwa mikono miwili, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Sultani hasira zikampanda zikapita kilemba. Akaruka juu ya masinia, mguu mmoja ukaingia katika wali, akamfuata bila viatu, akipiga makelele, “Bakuli langu! Rudisha bakuli langu! Nipe bakuli langu!” Watu wakampisha. Akamfikia pale pale kizingitini, akalishika bakuli ukingo mmoja, Nyange ameshika ukingo wa pili.

Nyange akawageukia watu, akasema, “Enyi watu wa Vumbwe, mnashuhudia? Nimeambiwa nimlete mwenye bakuli, aje mlangoni kwa miguu yake, alidai kwa kinywa chake. Miguu hii ni ya nani?”

“Ya Sultani!” wakajibu watu.

“Na kinywa kilichodai?”

“Cha Sultani!”

“Basi amekuja. Bwana wangu, chagua sasa, maana jeneza ni zito kwa waliolibeba. Ikiwa bakuli ni lako, wewe ndiwe maiti, nasi tukuoshe, tukuzike, tugawe mali, na wakeo wakae eda. Wala hutajenga jumba, maana sijaona maiti anayejenga. Na ikiwa wewe u hai, basi bakuli si lako, nawe umeapa uongo, na umemlisha mgeni katika chombo ulichokibandua kaburini. Sema moja. Sisi ni watu watiifu, tutafuata lolote.”

Sultani akageuka nyuma. Akamtazama waziri wake. Waziri Mashamu alikuwa ameinama sana wakati ule, chini kuliko siku zote, akiutafuta mlango wa jikoni kwa mikono na magoti. Sultani akawatazama wazee. Wazee wakatazama tasbihi zao.

Ndipo mzee Mwinyi Hatibu akaanza kucheka. Alicheka kidogo kidogo kama maji yanayochemka, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, “Fumo, mwanangu, mwambie kitu huyu mtu, la sivyo utazikwa ungali na wali miguuni.”

Sultani akasema polepole, “Bakuli si langu.”

“Wa nyuma hawakusikia,” akasema Nyange.

“Si langu! Si langu, wala yale mengine! Ni ya wenyewe!”

Mwinyi Hatibu akaacha kucheka. Akasema, “Unajua nilikuja kufanya nini hapa? Nyumba nyeupe ninayo kwangu, na nyumba, hata ndege ajua kuipaka nyeupe kwa kinyesi. Nilikuja kuona nguzo za Vumbwe. Babu yangu alinisimulia kwamba ukija kwa njia ya kaskazini, kabla ya kuuona mji, unayaona mabakuli yanang'aa, ukajua umefika kwa watu. Leo nimekuja kwa njia ile ile, nikapita pale, nikaona matundu. Nikadhani nimepotea njia. Sasa naona sikupotea mimi.” Akaliweka lile bakuli lake mikononi mwa Mize, ambaye alikuwa ameacha kulia amesimama tu anasikiliza, akasema, “Nami sitakula mpaka hili lirudi kwa mwenyewe.”

Basi ikawa Sultani Fumo Zaidi hakuwa na njia. Siku ya pili, ile Ijumaa ambayo tanuri lilikuwa liwashwe kwa mawe ya makaburi, halikuwashwa, ila watu walikwenda kukata matumbawe baharini, na Sultani mwenyewe aliamriwa na mgeni wake, kwa upole usiokataliwa, aingie majini pamoja na wakataji. Akalowa. Matumbawe yalipokauka yakachomwa, na chokaa iliyopatikana haikwenda katika jumba, ilikwenda makaburini, kupachikia mabakuli na kuziba nyufa. Yale yaliyokuwa yamevunjika wakapachika vipande vyake, maana kipande cha mtu ni chake vile vile. Waziri Mashamu akapewa kazi ya kung'oa majani makaburini, na kwa mgongo ule ilikuwa kazi inayomfaa kuliko zote alizopata kufanya. Bakuli la mama yake Mize alilisugua yeye mwenyewe kwa mchanga na maji, mpaka Mize akatosheka, na Mize hakutosheka upesi.

Ikapigwa marufuku huko Vumbwe, kwamba mtu asitwae jiwe la kaburi, wala la msikiti wa kale, wala la nyumba ya waliopita, awe mdogo awe mkubwa. Na wazee wa mji wakaanza kusema barazani kwamba wao tangu hapo ndivyo walivyokuwa wakimshauri Sultani.

Siku moja jioni jua halijachwa, Sultani akaja kwa miguu hadi nyumbani kwa Nyange, nyuma yake watu wamebeba gunia la mchele na kanzu mpya na makuti ya kuezekea. Akabisha hodi. Nyange hakuwapo, alikuwa kwenye harusi ya watu asiowajua. Mize akatoka akasimama mlangoni, akayapokea yale makuti kwanza, maana ndiyo aliyoyahitaji.

Sultani asiondoke. Akasimama akichezea ncha ya kilemba chake, ambacho siku hizo kilikuwa kimepungua. Mwisho akasema, “Bibi, kuna neno linanikosesha raha. Nami siku moja nitakufa kweli. Je, watu wa Vumbwe watakubali kulipachika bakuli langu katika nguzo, pamoja na ya wazee?”

Mize akamtazama tangu utosini mpaka miguuni. Akasema, “Tutalipachika, bwana wangu, wewe usiwe na wasiwasi. Ila tutalitoboa kwanza, asije mwanao naye akalionea njaa, akalibandua.”